Pawa saplai ya seva kwenye mtambo wa kuchimba sarafu: uchambuzi wa HP DPS-1200FB ya mtumba

Assalamu alaikum, ndugu watazamaji, karibuni tena mezani kwangu hapa Malindi. Kifaa nilicho nacho leo ni pawa saplai ya mtumba, yaani chombo cha kugeuza umeme wa ukutani uwe wa volti ndogo, iliyotolewa kwenye seva ya HP, namba yake DPS-1200FB, pamoja na bodi yake ya kugawia umeme na fungu la kebo ambazo muuzaji alizitia kwenye mfuko uleule kama nyongeza. Wengi wenu mmeniuliza iwapo inafaa kuendeshea mtambo wa kuchimba sarafu za kidijitali, yaani kompyuta yenye kadi za grafiki kadhaa zinazopiga hesabu mfululizo ili mwenyewe alipwe sarafu hizo. Jibu langu ni kwamba pawa saplai yenyewe inafaa sana, bodi inafaa kwa masharti, na zile kebo sikuzichomeka hata kwenye kadi moja, kwa sababu ambazo mtaziona kwa macho yenu.

Tuanze na kibandiko kilicho ubavuni, kwa kuwa hapa ndipo wanunuzi wengi hupitiwa. Kimeandikwa viwango viwili: ukiilisha umeme wa volti 100 hadi 120 hutoa wati 900, na ukiilisha volti 200 hadi 240 hutoa wati 1200. Anayejifunza kupitia video za Marekani husikia hesabu za volti 120 akadhani ndizo zake, ilhali umeme wetu wa Kenya ni volti 240, kwa hiyo sisi hupata nguvu zote bila kubadilisha chochote. Umeme unaotoka ni wa volti 12 tu. Hakuna volti 5 wala 3.3 za kuendeshea bodi kuu ya kompyuta, kwa hiyo bodi hiyo itahitaji pawa saplai yake ndogo ya kawaida, na hii ya seva ibaki na kazi ya kulisha kadi za grafiki.

Sasa niisogeze kwenye kamera. Mnaona ulimi huu wa nyuma wenye mistari ya rangi ya dhahabu? Ndio unaoingia kwenye bodi ya kugawia umeme, na umeme wote wa mtambo hupita hapo. Kwetu pwani upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi haina huruma na viungio vya aina hii. Huu wangu una doa la kijani kwenye pembe moja, dogo kama kichwa cha kiberiti, nalo lilitoka kwa spiriti ya kusafishia na mswaki laini. Doa likiwa limechimba hadi rangi ya dhahabu ikabanduka, msiinunue hata ikiwa inawaka, kwa kuwa kiungio kilicholika huongeza ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, na ukinzani ukipitiwa na ampea nyingi hugeuka moto.

Hapa ndipo penye uzito wa mazungumzo yetu ya leo. Gawanya wati 1200 kwa volti 12, utapata ampea 100, na ampea hizo zote zimo katika njia moja ya umeme. Kinga iliyomo ndani ya pawa saplai huikata pale mzigo unapopita kiwango chake chote, yaani kinga hiyo inaangalia ampea 100 na zaidi. Haijui kabisa kwamba wewe umechomeka kebo nyembamba ya kustahimili ampea 15. Kebo hiyo ikichubuka ikagusa chuma cha fremu, hasa ikiwa imegusa kwa ncha tu bila kubana sawasawa, inaweza kuvutwa ampea 60 au 70, plastiki ikayeyuka na moto ukashika, na pawa saplai ikaendelea kutoa umeme kwa utulivu kwa sababu kwa hesabu yake hakuna kilichoharibika. Nguvu tunayoisifu ndiyo hiyo hiyo inayochoma nyumba. Pesa unazookoa kwa kununua pawa saplai ya mtumba, naomba uziweke kwenye waya.

Tuzitazame basi kebo za nyongeza. Nimekata moja na kuimenya. Nyuzi zake zinang'aa rangi nyeupe, jambo ambalo peke yake si kosa, maana shaba nzuri nayo hupakwa bati ili isishike kutu. Lakini nikikwangua kwa wembe, tazameni, ndani bado ni nyeupe. Wekundu wa shaba hauonekani. Hii ni alumini iliyovishwa ngozi nyembamba ya nje, na alumini ina ukinzani mkubwa kuliko shaba yenye unene uleule. Pia ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa kwenye ganda lake. Kebo ninazozikubali mimi ni za shaba tupu, geji 16, ambayo ni kama milimita 1.3 za mraba, zisizozidi urefu wa sentimita 60 hivi. Geji 18 hutosha kwa kadi ndogo, ila kwa mtambo unaofanya kazi usiku kucha sioni sababu ya kubana matumizi.

Yupo atakayeuliza atajuaje kebo inayofaa bila kuikata. Chukua maltimita, yaani kile kipimo cha umeme cha mkononi, uache mtambo ufanye kazi kwa nusu saa, kisha upime volti kwenye bodi ya kugawia na upime tena kwenye plagi pale inapoingia kwenye kadi. Tofauti ya takriban volti 0.1 ni ya kawaida. Ikikaribia robo ya volti, kuna waya mwembamba au kiungio kilicholegea, na hiyo volti iliyopotea inageuka joto mahali fulani kati ya ncha zako mbili. Usiamini kioo kidogo cha namba kilicho juu ya bodi, kwa kuwa kinapima pale kilipo na hakijui lolote la upande wa pili.

Kuhusu bodi ya kugawia yenyewe, hii ina matundu 12 ya pini 6, na hapo ndipo penye masharti niliyoyataja. Kwa viwango rasmi plagi ya pini 6 ya kadi hubeba wati 75 na ya pini 8 hubeba wati 150. Kebo iliyokuja na bodi huanza na pini 6 na kuishia na pini 8. Hilo linakubalika, kwa kuwa waya 3 za volti 12 zilizomo zitagawana ampea 12.5, yaani zaidi kidogo ya ampea 4 kila mmoja, mradi ni shaba. Kisichokubalika ni kebo zenye matawi mawili ya pini 8 kutoka tundu moja. Kadi mbili zenye njaa kwenye tundu moja la pini 6 zitaunguza plagi kabla ya mwezi wa kwanza kwisha. Bodi hii pia haina fyuzi yoyote upande wa volti 12. Nendeni duka la vipuri vya magari mkanunue fyuzi bapa za ampea 15 na vishikio vyake vyenye waya mnene, usiopungua milimita 2.5 za mraba, kisha fundi awawekee moja kwa kila kebo. Ni kazi ya adhuhuri moja, na ndiyo inayoipa kila kebo mlinzi wake.

Jambo la raiza ni lazima nilitaje kwa ukali. Raiza ni ile bodi ndogo inayoshikilia kadi mbali na bodi kuu, na nyingi huja na adapta ya plagi ya SATA, ile plagi bapa ya kulishia diski za kompyuta. Plagi ya SATA inastahimili ampea 4.5 za volti 12, yaani wati 54, ilhali kadi inaruhusiwa kuvuta hadi ampea 5.5, yaani wati 66, kupitia tundu la raiza inamochomekwa. Hesabu haikubali, na zile picha za plagi nyeusi zilizoungua mnazoziona mtandaoni zinatokana na hilo. Nunueni raiza zenye plagi ya pini 6 na mzitupe adapta za SATA zote.

Raiza na kadi yake vilishwe na pawa saplai moja. Usiilishe raiza kutoka kwa ile pawa saplai ndogo ya bodi kuu na kadi kutoka kwa ya seva, kwa sababu volti 12 za vyombo viwili hazilingani sawasawa, na moja itajaribu kusukuma umeme ndani ya nyingine kupitia kadi yako. Waya hasi za pawa saplai hizo mbili ziunganishwe pamoja, nayo ya seva iwashwe kwanza au kwa wakati mmoja na ya bodi kuu.

Wenye Antminer S9, zile mashine zilizoundwa maalumu kuchimbia Bitcoin, mlioniandikia, sikilizeni vizuri. S9 kwa mipangilio ya kiwandani huvuta zaidi ya wati 1300, kwa hiyo pawa saplai moja ya aina hii haitoshi. Ama mpunguze kasi ya mashine, ama mtumie mbili. Mkitumia mbili, plagi 3 za kila bodi ya kuchimbia zitoke kwa pawa saplai moja, zisichanganywe hata moja, na bodi ya usimamizi iwe ya mwisho kupata umeme.

Upande wa ukutani mambo ni mepesi kidogo. Ukichukulia ufanisi wa asilimia 90, mzigo kamili utavuta takriban ampea 5.6, na plagi yetu ya pini tatu bapa yenye fyuzi ya ampea 13 inaibeba bila shida. Matatizo huja pale mtu anapochomeka nne kwenye ekstensheni moja. Ekstensheni ya kuviringishwa ifunguliwe yote, maana ikiwa imeviringwa joto lake halina pa kutokea. Vile vifaa vya kulindia friji ambavyo hungoja dakika chache stima ikirudi ni vizuri sana kwa kazi hii, ila someni maandishi: vingi vimeandikwa ampea 5, na mzigo wetu umeshapita hapo. Mitambo kadhaa ikiwaka kwa mpigo mmoja baada ya stima kukatika, mvuto wa mwanzo unaweza kuangusha swichi kuu ya nyumba, kwa hiyo iwasheni mmoja baada ya mwingine.

Waya wa ardhi ni wa lazima. Ganda la pawa saplai hii ni la chuma, na vichujio vilivyomo huvujisha umeme kidogo kwenda ardhini kwa maumbile yake. Nyumba nyingi za zamani katika mji wetu zina soketi za pini tatu ambazo tundu la juu halijaunganishwa na chochote; ukigusa ganda ukahisi kama linawasha vidole, zima kila kitu umwite fundi wa umeme mwenye leseni. Na usiifungue pawa saplai hata ikiwa imechomolewa, kwa kuwa kapasita zake, yaani vile vipande vinavyohifadhi umeme, hushikilia takriban volti 400 kwa muda.

Mtambo usikae chini ya makuti. Najua chumba cha makuti kina ubaridi na hewa, lakini cheche moja inatosha, na mkichoma chenu mmechoma na cha jirani. Chumba cha mawe chenye sakafu ya saruji na madirisha mawili yanayoelekeana ndicho kinachofaa. Seva huzoea vyumba vyenye viyoyozi. Kwetu wakati wa kaskazi hewa yenyewe inapita nyuzi 30, kwa hiyo mimi siipi pawa saplai hii zaidi ya wati 900 mfululizo. Feni yake ndogo hulia kama mashine ya kunyolea iliyoshikwa karibu na sikio, na wapo wanaoichomoa ili wapate usingizi. Wasifanye hivyo. Wahamishe mtambo au wahamishe kitanda.

Kuhusu faida sitasema mengi. Ethereum, sarafu iliyokuwa ikichimbwa zaidi kwa kadi za grafiki, iliacha kabisa kuchimbwa tarehe 15 Septemba 2022, na kadi za grafiki tangu hapo zimebaki na sarafu ndogondogo. Mtambo wa wati 900 hula takriban yuniti 24 za umeme kwa siku ukihesabu upotevu. Zidisha kwa bei iliyo kwenye tokeni yako ya mwisho kabla hujanunua hata skrubu.

Mkiamua kununua, msikubali kuonyeshwa kwamba inawaka tu, kwa sababu hata iliyochoka husoma volti 12 ikiwa haina mzigo. Nendeni na balbu za taa za gari za wati 55, kumi kama mnaweza, zikiwa zimeungwa sambamba kwa waya mnene, na kila moja itavuta zaidi ya ampea 4. Ziacheni ziwake kwa dakika ishirini mbele ya muuzaji, maltimita ikiwa kwenye bodi. Volti zikishuka chini ya 11.8, au mwanga ukaanza kupepesa, au mkasikia harufu ya plastiki kwenye ule ulimi wa dhahabu, mrudishieni.