Mashine ya kujifungia tagi ya begi uwanja wa ndege: inafaa, ila Kigoma haiijui

Mashine ya abiria kujichapishia tagi ya begi, ule utepe wenye namba unaofungwa kwenye mshikio, ni chombo kizuri kwa mtu ambaye safari yake inaishia pale tiketi yake inapoishia. Sisi wa Kigoma mara nyingi hatumo kwenye kundi hilo, na ndiyo sababu nimeona niandike.

Nilikutana nazo nikirudi kutoka Ulaya, nilikokwenda kumtembelea mdogo wangu. Uwanja siutaji, wala shirika. Mashine hizi zinafanana sana popote utakapozikuta, uwe Schiphol kule Amsterdam, Heathrow kule London au Changi kule Singapore, na nisingependa kero zangu zionekane ni za kampuni moja. Hapa kwetu tumezoea kaunta: begi linapanda mizani, mhudumu anafunga tagi, anakupa kipande chako, basi. Kule kaunta zilikuwa chache na foleni yake ndefu. Mbele ya kaunta zimepangwa mashine zenye kioo cha kugusa, na binti mmoja mwenye kizibao cha uwanja anazunguka kuangalia nani amekwama.

Hatua zenyewe ni fupi. Unachagua lugha (Kiswahili hakikuwamo), unalaza pasipoti kwenye skana au unaandika ile namba ya buking, yenye herufi na tarakimu ambazo jumla yake ni sita, safari yako inatokea, unathibitisha. Unaulizwa mabegi mangapi yanakwenda chini. Unaonyeshwa picha za vitu vilivyokatazwa. Ukikubali, inatoa boding pasi (kadi ya kupandia ndege), halafu inatema utepe mrefu mweupe wenye gundi, mmoja kwa kila begi. Kwenye kasi sina neno. Watu niliowakuta foleni ya kaunta niliwaacha palepale.

Kinachowapa wengi tabu ni kuufunga ule utepe. Gundi iko upande mmoja, imefunikwa na karatasi laini ya kubandua. Unapitisha ncha moja kwenye mshikio wa begi, mshikio ule imara na si kikamba cha zipu, kisha unabandua na kuzigandanisha ncha mbili mgongo kwa mgongo ili maandishi yabaki nje pande zote. Mistari ya bakodi isikunjwe. Ikikunjwa, skana za kwenye mkanda haziisomi, na begi linasukumwa pembeni kusubiri mtu aje alisome kwa mkono. Kama una ndege ya kuunganisha, muda huo ndio unaokuachisha begi. Mwishoni mwa utepe kuna vibandiko vidogo vyenye namba ileile: kimoja bandika kwenye mwili wa begi, ili tagi kubwa ikichanika njiani begi lisibaki yatima. Na tagi za zamani toa zote. Mbele yangu kulikuwa na mzee ambaye begi lake lilikuwa limening'inia tagi za safari zilizopita kama hirizi, na yule binti wa kizibao akazikata moja baada ya nyingine kwa mkasi kabla hajamruhusu kuendelea.

Faida moja sikuitarajia. Kwenye kaunta ni wachache wanaosoma tagi zao. Ukijifungia mwenyewe unaisoma, kwa sababu iko mkononi mwako. Zile herufi tatu kubwa ni uwanja ambao begi litateremshwa. Namba ndefu chini ya mistari ina tarakimu kumi: baada ya ile ya kwanza, tatu zinazofuata ni za shirika lililotoa tagi (197 ni Air Tanzania, 071 Ethiopian, 706 Kenya Airways, 074 KLM), na sita za mwisho ndizo za begi lako. Jina lako limeandikwa pia, lakini mitambo haishughuliki na jina. Tangu Juni 2018 mashirika yaliyo chini ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, yanatakiwa kuwa na kumbukumbu ya begi katika hatua nne: linapopokelewa kwako, linapopakiwa, linapohamishiwa ndege nyingine, na linapokabidhiwa ulikofika. Kumbukumbu hizo zote zinafuata namba ile. Ipige picha, tagi na begi pamoja, kabla mkanda haujaondoka nalo.

Sasa herufi tatu. Tagi zangu ziliandikwa DAR. Kwa mashine hilo lilikuwa jibu sahihi kabisa, kwa sababu tiketi iliyokuwa mbele yake iliishia Dar es Salaam. Ya kutoka Dar kuja Kigoma nilikuwa nimeikata kivyake, kama tunavyofanya wengi wetu, maana ukinunua vipande viwili mara nyingi unapata nafuu, au shirika la nje halikuuzii kabisa kipande cha mwisho. Kigoma kwa herufi za viwanja ni TKQ, ambazo mtu hawezi kuzibahatisha. Tabora angalau ni TBO. Na ukiona KGL usifurahi ukadhani umefika nyumbani. Hiyo ni Kigali, na begi lako litakwenda kupumzika Rwanda.

Mashine haina sehemu ya kuiambia "mimi naendelea mbele". Haina pa kuuliza kama begi linaweza kwenda moja kwa moja, au nitalichukua wapi, au kama kilo ninazoruhusiwa hapa ndizo nitakazoruhusiwa kule. Inajua tiketi uliyoifungulia, basi. Mhudumu wa kaunta, hata asiyejua Kigoma iko upande gani wa dunia, angeniuliza: "Dar ndiyo mwisho wako?" Swali hilo moja lina thamani kubwa kwa mtu wa mkoani. Na hata ukiwa na tiketi moja hadi mwisho, ni vyema uulize, kwa sababu ziko nchi ambazo forodha inakutaka uchukue begi mlango wa kwanza. Marekani kwa kawaida ni hivyo: begi unalichukua uwanja wa kwanza unaotua, unapita nalo forodha, halafu unalikabidhi tena, hata kama tagi imeandikwa mji wa mbele.

Nikiwa nabandua karatasi ya tagi ya pili nikasikia Kiswahili nyuma yangu. Mama mmoja wa makamo, kitenge chini na koti zito juu, anaongea na simu kwa lafudhi ya ng'ambo ya ziwa. Alipokata simu nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umesema. Hii mashine inaniuliza kitu, mie nabonyeza tu ndiyo, ndiyo, na bado inauliza."

Alikuwa anakwenda Bujumbura. Kioo kilikuwa kwenye ule ukurasa wa vitu vya hatari, na swali lilikuwa kama begi lina betri za akiba au pawabanki. Nikamuuliza.

"Ipo. Mtoto kaniwekea, kubwa, nimeifungia katikati ya nguo isivunjike."

"Hiyo mama haikai begi la chini. Itoe uiweke kwenye mkoba wako."

Tukafungua begi palepale sakafuni, tukaichimbua. Betri za lithiamu zinaweza kuwaka zenyewe, na moto ukiwaka kwenye chumba cha mizigo hakuna mtu wa kuuzima kwa mkono. Ndiyo maana pawabanki hupanda na abiria, na kwa kawaida isizidi wati-saa 100 (kipimo cha umeme inaoutunza). Mashine iliuliza jambo la maana kabisa, ila iliuliza kwa lugha ambayo mwulizwaji haisomi, na ikaridhika na kidole chake. Hapo ndipo ninapoipunguzia nyota moja. Picha ya pawabanki ilikuwapo, ndogo, kati ya mtungi wa gesi na fataki. Kwa mama yule ilikuwa kisanduku cheusi tu. Tagi yake ilitoka imeandikwa BJM, nikamfungia, nikamwonyesha kile kipande cha kutunza.

Ukishafunga tagi unakwenda kwenye mkanda wa kujiwekea begi. Unaonyesha boding pasi, unalaza begi, taa inapita juu ya mistari, na uzito unatokea kwenye kioo. Begi la kwanza lilipita. La pili, ambalo mdogo wangu alilishindilia viatu vya watoto wote wa ukoo, lilisoma kilo 23.8, na mkanda ukagoma. Kikomo changu kilikuwa 23 kwa begi. Machaguo yalikuwa mawili: kulipa kwa kadi palepale au kupunguza. Lugha ya "dada, hizo gramu chache tu" haina wa kuisikia. Nikatoa jozi mbili za viatu, nikaziweka begi la mkononi, mkanda ukakubali.

Ugumu huo wa mashine sikuuchukia. Mizani ilinionyesha mimi kile ilichokiona yenyewe, na mwenye begi mbele yangu na nyuma yangu alipimwa kwa kipimo kilekile. Kikomo cha kilo 32 kwa begi moja, ambacho mashirika mengi hayakivuki hata ukiwa na pesa za kulipia, kipo kwa ajili ya migongo ya wapakiaji, na mashine haimhurumii abiria kwa kuwaumiza watu asiowaona. Kwa kazi yenyewe ya kutoa tagi na kupokea begi, naipa nyota nne kati ya tano.

Dar es Salaam nikatua Jengo la Tatu. Mabegi yote mawili yalikuwa kwenye mkanda, tagi zimeshika vizuri, hata kibandiko kidogo kipo. Nikapita nayo forodha, nikatoka nje, nikaanza upya kama msafiri mwingine. Tiketi yangu ya ndani ilikuwa na kilo 23 kwa jumla, na mimi nina mabegi mawili yanayokaribia 46. Hesabu hii nilikuwa nimeipiga tangu kule, kwa hiyo begi la viatu na mablanketi lilikwenda na kijana wa bodaboda hadi stendi ya Mbezi, likapanda basi la Kigoma. Kule tagi ni jina na namba ya simu kwa maka peni, na risiti ya mzigo yenye muhuri. Lilifika. Lilichelewa kuliko mimi, lakini lilifika, na gharama ilikuwa ndogo kuliko kulipia kilo za ziada hewani.

Kitu kimoja kuhusu kile kipande cha tagi cha kutunza, chenye namba ya begi lako, kwa sababu mashine inakitoa kimyakimya na watu wanakiacha kwenye trei. Hicho ndicho ushahidi wako. Kwa safari za kimataifa zinazoongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania ni mwanachama, begi likiharibika unatakiwa kulalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipoonekana kwa siku 21, una haki ya kulidai kama lililopotea. Kikomo cha fidia, tangu mwisho wa Desemba 2024, ni SDR 1,519 kwa abiria, kipimo cha fedha cha IMF ambacho ni kama dola elfu mbili za Marekani. Kaunta huwa wanakibandika kipande hicho nyuma ya boding pasi yako. Mashine haikibandiki popote. Kiokote uweke ndani ya pasipoti.

Tangu nirudi nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja kama ningependa mashine hizi ziletwe kwetu, hasa kwa kuwa Kigoma, Tabora, Shinyanga na Sumbawanga ndivyo viwanja vinne vilivyoingizwa kwenye mradi wa upanuzi kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kwa sasa hapana. Mashine hizi zilibuniwa kupunguza foleni za maelfu, na ndege inayotua kwetu ni ya mapangaboi, abiria wake hata wakijaa wote hawajazi mabasi mawili. Ningeomba mizani ya bure mlangoni, ya kujipimia kabla hujafika kaunta. Hiyo ndiyo sehemu ya ile mashine iliyonifaa zaidi, na haihitaji kompyuta.

Sababu nyingine ni mizigo yetu wenyewe. Anayetoka Kigoma ana dagaa, ana migebuka iliyokaushwa, ana dumu la mawese la kumpelekea shangazi. Mhudumu wetu akiona begi limekaa vibaya anauliza, "Baba, humu kuna mafuta?" na anakurudisha ukalifunge upya kwa nailoni na gundi. Zile picha za kwenye kioo nilizipitia zote: gesi, petroli, fataki, rangi, betri. Mawese hayamo. Ukiyafunga ovyo mashine itakutolea tagi bila swali, na mafuta yatakwenda kumwagikia begi la mtu mwingine huko ndani.

Kwa hiyo ukiwa na tiketi moja, begi moja, na mwisho wa safari ni Dar, nenda kwenye mashine usipoteze muda. Ukiwa unaendelea hadi huku kwetu kwa tiketi ya pili, itumie pia, ila piga hesabu ya kilo za ndege ndogo kabla hujafunga begi, na uache saa za kutosha katikati. Ukiwa na mzazi asiyesoma Kiingereza, simama naye foleni ya kaunta.