Isimila: anza na mawe, picha baadaye

Wageni wangu wa Dar wakifika Iringa hutaka Ruaha moja kwa moja. Mimi naanza nao Isimila, eneo la zana za mawe za kale, kilomita 20 hivi kutoka mjini, njia ya Mbeya. Zile nguzo ndefu zimesimama korongoni kama wazee barazani, na hakuna aliyezichonga. Ni kazi ya maji na upepo.

Ila usikimbilie picha. Mwombe mwongozaji akuonyeshe kwanza zana za mawe, zilizogunduliwa mwaka 1951. Kijana aliyetupokea alimwambia mama mkwe wangu, "Shikamoo mama, hebu shika hili." Shoka lisilo na mpini, zito, nyuma pana, mbele limechongoka, kingo zimebanduliwa pande zote mbili. Likamkaa kiganjani sawasawa. Akaligeuzageuza, akauliza hao watu wa kale walikuwa wakichinja nini. Ndipo tukasikia habari za kiboko wa kale mwenye macho yaliyotokeza juu ya kichwa, ambaye mifupa yake ilipatikana papo hapo. Kijana anaijua kazi yake na anaipenda. Msimharakishe.

Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, vaa viatu vya kufunga, beba maji. Walimu wa Mafinga na Makambako, wapelekeni watoto.