Maziwa matatu kwa baiskeli kutoka Moshi: uzoefu wangu

Moshi hakuna uhaba wa watu wa kukukodishia baiskeli. Wengi watakupeleka Materuni kwenye maporomoko au Chemka kuogelea, na jioni umesharudi mjini. Mzunguko wa maziwa matatu ni jambo jingine kabisa. Unafunga mizigo kwenye keria, unalala njiani, unapita Ziwa Chala, Ziwa Jipe na Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha unaingia Moshi kwa upande wa mashamba ya mpunga. Nimeuzunguka kipupwe hiki, na nasema bila kusita kwamba ndiyo safari bora ya baiskeli niliyowahi kulipia katika mkoa huu.

Uzuri wake unaanzia kwenye mpango wa njia. Vijana waliotupeleka wamefuata maji. Mvua ya Kilimanjaro hupenya kwenye miamba ya mlima na kusafiri chini kwa chini hadi Chala, ziwa lililokaa ndani ya kreta, yaani shimo la volkano. Mto Lumi nao unaanzia mlimani humohumo na kumwaga maji yake Jipe, ambako unakutana na vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Upare Kaskazini. Jipe inatoa Mto Ruvu (huu wetu, si ule wa Morogoro na Pwani), Ruvu inakutana na Kikuletwa kwenye Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo maji yanaitwa Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Nimepita Himo hadi Mwanga kwa basi tangu utotoni na sikuwahi kuyaunganisha haya. Juu ya baiskeli unayaunganisha wewe mwenyewe, kwa sababu kila mteremko unakupeleka kule maji yalikokwenda.

Huduma ni ya karakana ndogo mjini. Wanakupa baiskeli, mifuko ya pembeni isiyoingiza maji, hema na mwongozaji anayeendesha pamoja nawe. Hakuna gari linalofuata nyuma. Bei inabadilika kwa msimu na kwa ukubwa wa kundi, kwa hiyo sitaiandika, ila ulizeni mapema kama chakula kimo. Kwetu hakikuwamo, na nadhani ni afadhali hivyo, maana hela yako inabaki kwa mama lishe wa njiani.

Baiskeli yenyewe niisifu kwa haki yake. Fremu ya chuma, tairi pana, breki za diski, na nyuma gia moja kubwa kweli inayokuruhusu kupanda ukiwa umekaa huku mizigo yote iko mgongoni mwa baiskeli. Hiyo gia ndiyo roho ya safari. Kutoka Himo barabara inapanda bila huruma hadi Marangu Mtoni, halafu ukishika lami ya Mwika kuelekea Rombo mambo yanageuka. Mlima hapa umekatwakatwa na makorongo ya mito. Unashuka kwa kasi hadi darajani, unavuka, unapanda tena mpaka kwenye mgongo unaofuata, na hivyo hivyo hadi unazoea. Kulia na kushoto ni vihamba, migomba juu na kahawa chini yake, na mifereji ya maji ikikatiza kando ya njia. Mwongozaji alinifundisha jambo ambalo miaka yote sikulijua: "Dada, teremsha gia kabla hujafika darajani. Ukisubiri kilima kikukamate, cheni italia na magoti yatalia." Nilifanya hivyo, na tulipofika Mwika bado nilikuwa na nguvu ya kula sahani nzima ya machalari.

Kutoka huko unageuka kushuka. Sijawahi kuona nchi ikibadilika upesi kiasi hicho. Migomba inapungua, mahindi yanaingia, kisha alizeti, kisha vichaka vikavu na migunga, na joto linakupanda usoni kama la jikoni. Lami imebaki nyuma. Njia ni ya vumbi na mawe madogo, na hapa tairi pana zinalipa gharama yake.

Chala huioni mpaka uwe umeifikia. Unasukuma baiskeli kupanda ukingo, ukingo unaisha, na chini yako kuna duara la maji ya buluu nzito, limezungukwa na kuta za mwamba. Kina kinakaribia mita 90. Mpaka wa Tanzania na Kenya unakata katikati ya ziwa, na ukigeuka nyuma siku isiyo na mawingu unamwona Kibo na Mawenzi wote wawili. Tulikaa pale juu muda mrefu. Wenzangu wawili walitaka kushuka kuogelea na mwongozaji akakataa katakata. Alikuwa na haki: mwaka 2002 msichana mmoja kutoka Uingereza aliuawa na mamba akiogelea katika ziwa hili. Nilifurahi kuona kijana anayekubali kumkasirisha mteja ili mteja arudi nyumbani. Kwangu hicho ni kipimo cha huduma kuliko ubora wa hema.

Sehemu mbovu ya mzunguko ni lami ya Himo hadi Mwanga. Mabasi ya Dar es Salaam na malori hayakuachii nafasi, na ukingo wa lami mahali pengi umeliwa. Zaidi ya hapo kuna upepo. Miezi ya kusi upepo unakuja usoni unapoelekea Upareni, na kuanzia saa nne asubuhi unaongezeka kila saa. Sisi tulianzishwa saa tatu, baada ya chai ndefu, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa wenye huduma. Niliwaambia ana kwa ana na ninalirudia hapa: kipande hicho kiendeshwe alfajiri, saa kumi na mbili watu wawe wameshaketi kwenye tandiko. Tofauti yake si ya starehe tu. Asubuhi malori ni machache.

Ukiacha lami kwenda Jipe, unaacha na kelele zote. Na hapa lazima niwaeleze kuhusu mbigili, miiba ya ardhini, kwa sababu maelezo tuliyopewa kabla ya safari yalizigusa kwa sentensi moja tu. Zimelala kwenye vumbi, ndogo, ngumu, na hazichagui tairi. Gurudumu la nyuma la baiskeli zetu lilikuwa na tyubu yenye maji ya kuziba pancha, la mbele halikuwa nayo. Matokeo ni pancha baada ya pancha mbele. Tyubu za akiba zilipoisha tulisukuma hadi kwa fundi mmoja upande wa Kwakoa, mzee aliyeweka beseni lake la maji na msasa chini ya mti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbigili hizo. Leta tairi, tuligeuze kwanza."

Aliligeuza ndani nje, akapitisha kitambaa taratibu kuzunguka, na kila kitambaa kiliponasa akatoa ncha iliyovunjikia ndani. Ndipo akapaka solusheni. Tangu pale hatukupata pancha nyingine hadi Moshi. Ningekuwa mimi mwenye karakana, ningemlipa mzee huyo afundishe waongozaji wangu wote.

Jipe haijionyeshi kirahisi kama Chala. Upande wetu ziwa limevamiwa na matete na mafunjo, na udongo unaoletwa na mito umelijaza hata kina chake hakifiki mita tatu. Utafika kando ya ziwa usione ziwa. Ukitaka maji yenyewe unaongea na wavuvi wakupitishe kwa mtumbwi kwenye vichochoro vya matete, kwa bei mtakayopatana, na mkiwa na adabu ya kusikiliza, kwa sababu viboko wapo. Ng'ambo ni Tsavo Magharibi, hifadhi ya wanyama ya Kenya. Nyuma yako ni milima ya Upare, na jioni inapoingia rangi yake ni ya zambarau. Kuna watu watakaokwambia Jipe haifai kwa mtalii. Mimi naona ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu bila kuifikia huwezi kuelewa ni nini kinachopotea tunapolima kingo za mito huko juu. Usiku ule tulikula makande kwa mama mmoja aliyetupokea kama ndugu zake.

Nyumba ya Mungu ni bapa na pana, bwawa lililojengwa miaka ya 1960, na mtambo wake wa umeme ni wa megawati 8. Kuendesha kando yake ni rahisi, joto ni kali, na perege wa kukaanga wa Lang'ata na ugali yanatosha kukufikisha mbali. Sina mengi zaidi ya kusema hapo.

Njia ya kurudi kupitia Kileo na Kahe sikuitarajia. Upepo ule uliotutesa sasa unakusukuma mgongoni. Unafuata reli ya zamani kwa kipande, halafu unaingia Chekereni na Mabogini kwenye mifereji ya mpunga, yangeyange wakiwa wametapakaa majarubani na Kilimanjaro ukiwa mbele yako muda wote. Mlima ule ule uliokupa maji ya Chala ndio unaomwagilia mpunga huu.

Mkitaka kwenda, nendeni kati ya Juni na Oktoba. Wakati wa masika udongo mweusi wa kuelekea Jipe na Nyumba ya Mungu unanasa magurudumu mpaka hayazunguki, na hakuna gia itakayokuokoa. Kabla ya kulipa, gusa gurudumu la mbele na uulize kama tyubu yake ina maji ya kuziba. Hesabu tyubu za akiba mwenyewe. Na saa ya kuondoka Himo iandikwe kwenye makubaliano.