GanttProject kwa timu ya wanafunzi wa gemu: inafaa, ila rekebisheni kalenda kwanza

Wanafunzi wanne wa Kigoma wenye wiki 12 za kutengeneza gemu ya mvuvi wa dagaa hawana sababu ya kulipia programu ya ratiba kila mwezi. GanttProject, programu ya kupanga ratiba ya kazi kwa chati, ni ya bure, ipo ya Windows, Linux na Mac, na ukishaipakua haidai bando tena. Kwa timu ya Mwanga au Ujiji inayochangia bando moja, hapo imeshazishinda za mtandaoni.

Kabla ya kuandika kazi yoyote, ingieni kwenye kalenda ya mradi. Programu huhesabu Jumamosi na Jumapili kuwa mapumziko, na kwa mwanafunzi ndizo siku za kazi zenyewe. Mkiacha hivyo, kazi ya siku 5 inayoanza Alhamisi itaisha Jumatano badala ya Jumatatu.

Utamu wake uko kwenye chati ya watu: aliyelundikiwa kazi kupita kiasi, siku zake hugeuka nyekundu. Karibu kila mara ni mchoraji. Lakini chati husema kweli pale tu kazi zilipovunjwa vizuri. Chukua taa ya mtumbwi inayovuta dagaa usiku. "Taa, siku 3" ni kujidanganya. Kuna mchoro wa taa, siku 1. Mwanga unaocheza juu ya maji, siku 2. Dagaa kuufuata mwanga, siku 3. Na sauti, nusu siku. Hiyo nusu haiandikiki, maana kipimo kidogo kabisa hapa ni siku nzima. Kusanyeni sauti kadhaa ziwe kazi moja.

Mishale ya utegemezi, ile inayoonyesha kazi ipi isubiri ipi, nayo isitumike ovyo. Dagaa hawahitaji mchoro ili waanze kuogelea. Anayeandika msimbo (code) wa gemu aweke duara jeupe, picha ije baadaye. Mkifunga kila kazi nyuma ya mchoro, mchoraji akiugua malaria siku 4, gemu nzima inaugua naye.

Kasoro inayokera zaidi ni asilimia. Ukimwandikia mtu 50% kwa sababu ana vipindi mchana, kazi hairefuki. Urefu unaubadilisha mwenyewe kwa mkono.

Faili nalo ni moja. Wawili wakilihariri kila mmoja kwenye laptopu yake, flashi ya mwisho inafuta kazi ya mwenzake. Mtunza ratiba awe mmoja, wengine wapewe picha ya chati kwenye WhatsApp kila Jumatatu.

Wiki ya 9 wekeni alama ya kufunga milango: kuanzia hapo ni kujaribu na kurekebisha hitilafu, hakuna samaki mpya. Pia hifadhini mpango wa mwanzo humo humo kwenye programu, ili kila mchelewo uonekane kando yake.

Mkiwa wawili tu, achaneni nayo. Daftari linatosha.