Dreamcast na PlayStation 2
Dreamcast, mashine ya gemu ya kampuni ya Sega, iliingia sokoni Japani Novemba 1998. Mpinzani wake, PlayStation 2 ya Sony, ikafuata Machi 2000. Kwa ubunifu, nasimama na Dreamcast bila kusita. Ilikuja na modemu (kifaa cha kuunganisha intaneti) ndani yake, watu wakacheza gemu na wenzao wa mbali kupitia laini ya simu ya mezani! Marekani ilianza kuuzwa dola 199, mpinzani wake dola 299.

Lakini PlayStation 2 ilicheza DVD, kwa hiyo mzazi alipata mashine ya gemu na deki ya filamu kwa mkupuo mmoja. Diski za Dreamcast zilibeba takriban gigabaiti 1 tu, tena zilinakiliwa kiharamu kwa urahisi. Machi 2001 Sega ikaacha kuitengeneza. Ziliuzwa Dreamcast takriban milioni 9. Ya Sony ilipita milioni 150.