Gari la Japani: redio mpya au spika mpya?
Redio nyingi za kiwandani za magari yaliyotumika Japani huishia megahezi 90, ilhali stesheni zetu za Dar es Salaam hufika 108, kwa hiyo anayesikiliza taarifa ya habari kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro ana haki ya kuanza na redio. Hata hivyo, spika ya karatasi iliyochakaa kwa joto na unyevu wa pwani itakwaruza hata ikiunganishwa na redio ya gharama kubwa. Mpenzi wa taarabu atafaidika zaidi na spika mpya. Kwa matunzo, redio hudai fundi asiyekata nyaya bali atumie soketi inayolingana, na spika, zikiwa mlangoni, hudai mlango usiovuja maji. Kabla ya kulipa, elekeza sauti upande mmoja mmoja: mkwaruzo ukibaki kushoto tu, anza kukagua spika za huko.