Kupaka rangi kalipa za breki: brashi au kopo la kupuliza?

Kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye disiki, ikiwa nyekundu na kuchungulia nyuma ya rimu yenye nafasi hubadilisha sura ya gari zima, na kazi yenyewe inafanyika nyumbani. Swali ni rangi ipi.

Ya kupuliza ni nafuu na hukauka upesi. VHT, kwa mfano, wana rangi ya kalipa inayohimili takriban nyuzi 480 za Selsiasi. Taabu iko kwenye kuziba: disiki, pedi, mpira wa pistoni, skrubu ya kutolea hewa, hata bodi, vyote vifunikwe kwa karatasi na tepu, maana rangi ya kopo haichagui pa kutua. Kalipa ikifunguliwa na kuwekwa mezani, hapo kopo halina mpinzani. Lakini ukichomoa bomba la mafuta ya breki itabidi utoe hewa iliyoingia kwenye mafuta hayo, na hiyo si kazi ya kubahatisha.

Ya brashi, hasa ile ya kuchanganya na kikaushio, ni ghali zaidi, na ikishachanganywa itumike kabla haijaganda. Hata hivyo kalipa inabaki garini, kuziba ni kidogo, na rangi nzito hujisawazisha hadi alama za brashi zikafifia. Kwa anayefanyia kazi uani, mimi ningechukua hii.

Zote zitabanduka ikiwa kutu na grisi havikuondolewa kwa brashi ya waya na dawa ya kusafishia breki. Na gari likae kwenye stendi, si jeki tupu. Vitz nyingi nyuma zina breki za dramu, si kalipa. Hizo zipake nyeusi tu.